Mwezi wa Vitabu na Mwezi wa Uvira

Katika mji wetu wa Uvira kuna miezi miwili. Mmoja tunauona kila siku juu ya ziwa Tanganyika: unatoka upande wa Burundi, unapita juu ya vichwa vyetu, na unaanguka nyuma ya milima ya magharibi. Mwingine unakaa katika vitabu vya shule na kwenye ubao mweusi. Huo umesimama wima kama herufi ya alfabeti, mgongo wake mara kuume, mara kushoto. Watoto wetu wanafundishwa huo wa pili. Wakipata bahati mbaya ya kuchora ule wa kwanza, wanapewa sifuri.

Nataka kusema juu ya jambo hilo waziwazi, hata kama wenzangu wa kazi watanikasirikia. Katika vijitabu vya shirika letu tunaandika mara nyingi juu ya ndoa, mahari, majina ya mapacha, ngoma na matanga. Mambo ya mbinguni tunayaruka. Juu ya nini? Watu waliosoma wanafikiri kwamba mbingu ni kazi ya sayansi, na sayansi ilitoka Ulaya ikiwa imekwisha kupikwa, basi desturi haina neno la kuongeza. Halafu kuna wengine, nao wanazidi kuwa wengi, wanaopiga kelele kinyume chake: babu zetu walijua yote, hakuna kitu cha kujifunza. Mimi nina ugomvi na hao wote. Nitaanza na wa kwanza, maana ndio wanaoshika kalamu nyekundu.

Sisi tuliopita shuleni kwa Kifaransa tunaikumbuka ile hila ya herufi. Mwezi ukiwa nusu, unaongeza mstari pembeni. Ukipata "p", ni "premier quartier", maana yake robo ya kwanza, mwezi unakua. Ukipata "d", ni "dernier quartier", robo ya mwisho, mwezi unakwisha. Ni hila nzuri, sikatai. Inafaa kabisa kwa mtoto wa Paris ao wa Brussels. Paris iko karibu digrii 49 kaskazini ya ikweta, na kule mwezi haupiti hata siku moja juu ya kichwa cha mtu. Anayetaka kuutazama ukiwa juu anageukia kusini, leo, kesho, mwaka mzima. Akigeukia kusini, magharibi iko kwa mkono wake wa kuume. Jioni jua limeshuka magharibi, na upande wa mwezi unaoelekea jua ndio unaong'aa. Basi upande wa kuume unang'aa, na mtoto anasoma "p". Hakuna siri nyingine ndani yake.

Lakini sisi tuko karibu digrii tatu na nusu tu kusini ya ikweta. Hapa mwezi unapita juu ya utosi, mara unainama kidogo upande wa kaskazini, mara upande wa kusini. Sasa fuateni vizuri, maana hapa ndipo korije inapovunjika. Katika Machi, robo ya kwanza inapita upande wa kaskazini. Kuiona vizuri jioni unageukia upande wa Bukavu. Magharibi iko kwa mkono wako wa kushoto, nusu inayong'aa iko kushoto vilevile, na herufi unayosoma ni "d". Kitabu kitakuambia mwezi unakwisha. Kumbe unakua! Ngoja miezi sita. Katika Septemba robo ileile ya kwanza inapita upande wa kusini, unageukia Baraka na Fizi, mkono wa kuume uko magharibi, na sasa unasoma "p". Kwa hiyo sheria ya kitabu ni ya kweli Septemba na ni ya uongo Machi. Tena usiku huohuo mmoja, ukirudi inje karibu saa nne ao saa tano, nusu hiyo imeshuka kuelekea milimani na upande unaong'aa umetazama chini. Hapo hakuna "p" wala "d". Ni kibuyu kilichokatwa katikati, tumbo chini.

Na mwezi mwandamo, ule mwembamba wa siku ya pili ao ya tatu, huo hauhitaji maelezo mengi. Karibu na ikweta jua halishuki kwa kuteleza pembeni kama Ulaya, linaanguka karibu wima. Ndiyo sababu giza linatuingilia haraka, saa kumi na mbili na nusu tayari tunatafuta taa. Mwezi unalifuata jua kwa njia ileile. Jua likiwa chini yake, mwanga unaupiga kutoka chini. Basi mwezi unalala chali kama mtumbwi, pembe zote mbili juu. Kila mtoto wa Kalundu ao wa Mulongwe anajua hivyo, hata yule asiyeingia kilasi. Kuuona mwezi mwembamba umesimama kama katika kitabu, sharti upande ndege.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa walimu walioitwa kusahihisha mtihani wa pamoja wa shule fulani. Shule sizitaji. Swali moja la jiografia liliomba mwanafunzi achore mwezi mpya unavyoonekana jioni. Msichana mmoja alichora milima, chini ya milima akaweka jua kwa nukta nukta kuonyesha kwamba limekwisha kuzama, na juu ya milima mtumbwi mwembamba. Mchoro safi, ningeuweka ukutani. Mwenzangu akapiga mstari mwekundu. Nikamwambia: "Ndugu, jana jioni mwezi ulikuwa pale juu, hukuuona?" Akanijibu bila kuinua macho: "Prof, tusipoteze saa. Korije iko vile, sisi tunafuata korije." Nikasema tumwite mkubwa wa kazi. Mkubwa akaja, akatazama, akacheka kidogo, akasema swali limetoka juu. Pointi hazikurudishwa.

Wengine wataniuliza: pointi mbili ni kitu gani? Mimi sihesabu pointi. Nahesabu alichojifunza yule mtoto siku ile. Alitazama, akakumbuka, akachora sawasawa, hata mahali pa jua alipaweka vizuri, jambo ambalo wakubwa wengi hawawezi. Malipo yake ni mstari mwekundu. Mwaka unaofuata hatatazama tena. Atakariri. Na mtu aliyezoea kukariri kitu kinachopingwa na dirisha la nyumba yake, huyo baadaye utamwambia kitu chochote naye ataandika: bei, historia, matokeo ya kura. Tunalalamika kwamba vijana wetu wanaamini kila uvumi unaopita kwenye simu. Wamezoezwa wapi kutokuamini?

Najua jibu la wenzangu, nimelisikia mara nyingi katika chumba cha walimu: "Macho yanadanganya, ndiyo maana kuna kitabu." Na wanatoa mfano wa mwezi mpevu unapotoka Burundi, mkubwa kama sinia, mwekundu, halafu usiku katikati umekuwa kidogo. Si uliona mwenyewe? Haya. Nyoosha mkono, funika mwezi ule mkubwa kwa ncha ya kidole kidogo: unafunikwa, na nafasi inabaki. Usiku wa manane fanya tena, kwa kidole kilekile. Ni uleule, haukupunguka. Tena kwa kweli ukiwa kwenye upeo mwezi uko mbali zaidi na sisi kuliko ukiwa juu ya kichwa, karibu kilometa 6.400 zaidi, maana yake nusu ya unene wa dunia. Si kitu mbele ya kilometa 384.400 ambazo ni umbali wake wa kawaida. Akili yetu ndiyo inayoukuza ukiwa karibu na milima na nyumba. Basi jicho lilikosea, lakini nani alilirekebisha? Kidole, tena cha mtu yuleyule. Kitabu hakikuhitajika. Macho yakipewa kipimo yanasahihishana yenyewe.

Sasa twende kwa watu ambao hawakungoja korije ya mtu. Wavuvi wa ndagala wanafanya kazi usiku kwa taa. Zamani zilikuwa taa za presha, leo wengi wana balbu za betri. Taa inavuta samaki, wavu unainuliwa kutoka chini ya katamarani. Mwezi ukijaa, ziwa lote linakuwa na mwanga, samaki wanatawanyika, taa haina nguvu tena. Kwa hiyo karibu juma moja kila mwezi wanafunga kazi, wanashona nyavu. Mzee mmoja wa Kalundu aliniambia: "Mwezi ikishajaa, ndagala haifuatake taa. Ngoja ipite siku tatu, ine, giza irudie mbele." Giza irudie mbele! Katika maneno hayo kuna somo zima. Mwezi mpevu unatoka jua linapozama. Kesho yake unachelewa. Keshokutwa unachelewa tena. Usiku wa nne kuna karibu saa tatu za giza kabla haujatoka, na katika giza hilo mvuvi anatupa wavu wake.

Unachelewa kiasi gani? Mwalimu wa hisabati achukue chaki. Tangu mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu, kwa usahihi zaidi 29,53. Katika muda huo mwezi unakosa jua mzunguko mmoja mzima, yaani saa 24, dakika 1.440. Gawanya 1.440 kwa 29,53: karibu dakika 49 kwa siku. Ndiyo sababu usiku wa nne baada ya mpevu unapata karibu saa tatu na dakika chache. Kitabu cha Ulaya hakiwezi kutoa hesabu safi namna hiyo kwa mtoto wa Ulaya, maana kule ucheleweshaji unaruka sana: karibu na Septemba mwezi mpevu unachelewa kama nusu saa tu kila jioni, na majira mengine ya mwaka zaidi ya saa moja. Huku kwetu, karibu na ikweta, tofauti ni ndogo, mwaka mzima unazunguka dakika 50. Saa nzuri zaidi ya mbinguni tumepewa sisi, tunaiacha inje na kufundisha saa yao mbovu.

Na kwa nini unachelewa? Kwa sababu huku dunia ikizunguka, mwezi nao unatembea kuelekea mashariki kati ya nyota, karibu digrii 13 kila siku. Mtoto anaweza kuona jambo hilo bila chombo: leo mwezi uko karibu na nyota fulani, kesho saa ileile umekwisha kuiacha na kusogea upande wa Burundi. Kila usiku unakwenda magharibi pamoja na mbingu yote, lakini unarudishwa nyuma kidogo kidogo kuelekea mashariki. Wavuvi wanaijua hesabu hiyo. Jina la digrii hawana, ni kweli. Sisi tuna jina, hesabu hatuna.

Lugha yenyewe inatushitaki. Kwa Kifaransa "lune" ni kitu kimoja na "mois" ni kitu kingine. Kwa Kiswahili neno ni mwezi, moja tu, na kwa Kirundi ng'ambo ya Ruzizi ni ukwezi, hali ni ileile. Mtu aliyesema kwa mara ya kwanza "nimekaa hapa miezi mitatu" alikuwa ametazama juu mara tatu. Leo tunafundisha mtoto miezi kumi na miwili kutoka kalenda ya ukutani, na hatumwambii hata siku moja kwamba kalenda hiyo imeacha mwezi wenyewe ukienda njia yake, kwamba miandamo kumi na miwili ni siku 354 tu, na kwamba zile siku 11 zinazobaki ndizo zinazofanya Ramadani ya ndugu zetu Waislamu irudi nyuma kila mwaka.

Nikitaja Ramadani, kuna ubishi mdogo unaoweza kusikika hapa mjini: mwezi umeonekana Bujumbura, Uvira haujaonekana, nani mkweli? Tazameni ramani kabla ya kugombana. Mwandamo unaonekana magharibi, kwa dakika chache, chini kabisa. Na magharibi ya Uvira ni ukuta wa milima, tumekaa miguuni pake. Jirani wa Bujumbura anatazama milima hiyohiyo yetu, lakini kutoka ng'ambo ya ziwa, na kwake imekuwa mifupi. Anaweza kuuona mwezi ambao kwetu umekwisha kujificha. Hakuna aliyesema uongo.

Nimewasema walimu vya kutosha. Sasa zamu ya wapenzi wa desturi, na najua baadhi yao ndio wanaolipia karatasi ya kijitabu hiki.

Wazee wengi wa kwetu wanasema: mwezi mwandamo ukilala sawasawa, umeshika maji, mvua haitanyesha, ukiinama, unamwaga maji, mvua inakuja. Mwalimu wa kwanza anacheka, anasema ushirikina. Mpenzi wa desturi anapiga mikono, anasema sayansi ya mababu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetoka inje. Mimi nimetazama miaka mingi, na jambo lenyewe ni tamu kuliko wanavyofikiri wote wawili.

Ni kweli kwamba mtumbwi haulali namna moja mwaka mzima. Mwezi unafuata karibu njia ileile ya jua kati ya nyota, na njia hiyo imeinama digrii 23 na nusu kwa ikweta ya mbingu. Karibu na mwisho wa Juni, jioni, njia hiyo inasimama karibu wima juu ya milima yetu, na mtumbwi unalala sawasawa. Karibu na Septemba njia imeinama kuelekea kusini, na mtumbwi umeinama pamoja nayo, mdomo wake unaelekea kusini. Machi ni kinyume, mdomo unaelekea kaskazini. (Mwezi una tabia yake pia: njia yake inaachana na ya jua kwa digrii 5 hivi, kwa hiyo mwaka mmoja unainama zaidi kidogo, mwaka mwingine kidogo chini. Katika 2025 ulifika mbali kabisa kaskazini na kusini, hadi zaidi ya digrii 28, jambo linalorudi baada ya karibu miaka 18 na nusu.)

Sasa wekeni majira yetu pembeni ya hayo. Juni: mtumbwi umelala, na kiangazi kimeanza. Septemba: mtumbwi umeinama, na mvua za kwanza zinarudi. Machi: umeinama, na mvua kubwa iko. Wazee hawakuota ndoto! Walitazama vizuri mambo mawili, wakayaunganisha. Lakini kuna Desemba. Katika Desemba mtumbwi unalala sawasawa kama Juni, na mvua inanyesha mpaka barabara ya Bukavu inakuwa tope. Jambo moja hilo linatosha kuonyesha kwamba mwezi hauamuru mvua. Mwezi na mvua vyote viwili vinafuata mwendo wa mwaka, kila kimoja kwa njia yake. Mara tatu vinapatana, mara ya nne vinaachana. Mtu anayeeleza hivyo mbele ya wazee hawatukani. Anaendeleza kazi waliyoianza, anaongeza Desemba.

Na si mchezo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua iliteremka kutoka milimani, mto Mulongwe na mito mingine ikafurika, watu walikufa na nyumba maelfu zikabomoka. Baada ya maafa nilisikia watu wazima wakibishana kama mwezi ulikuwa umetoa dalili. Mwezi gani? Robo ya mwisho ilikuwa imekwisha kupita. Jioni ile hapakuwa na mwezi wowote wa kutazama, ulikuwa unatoka baada ya usiku wa manane. Mtu anayejua mwendo wa mwezi hawezi hata kuanza mazungumzo hayo. Angetazama mto, na nyumba zilizojengwa kandokando yake.

Halafu kuna mfupa wa Ishango. Hapo mpenzi wa desturi anatoa sauti kubwa. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, katika Kivu ya Kaskazini ya leo. Akapata kijiti cha mfupa cha karibu sentimeta 10, kipande cha jiwe la kwarzi kimetiwa nchani, na mistari imechanjwa pembeni katika safu tatu. Kinahesabiwa kuwa na miaka karibu 20.000. Ukijumlisha mistari unapata 60, tena 60, na 48. Mmarekani Alexander Marshack alisema ni hesabu ya mwezi, miezi karibu sita. Wengine wanaona ndani yake mchezo wa namba. Wengine wanasema labda michanjo ilisaidia mkono usiteleze. Wataalamu hawajapatana, na hakuna aibu kusema hivyo.

Lakini katika hotuba zetu jambo limekwisha kuamuliwa: "Wakongomani ndio waliovumbua kalenda!" Watu wanapiga makofi. Nikauliza siku moja, baada ya hotuba ya namna hiyo: leo mwezi una siku ngapi? Msemaji akatazama simu yake. Jamani! Mtu anajivunia mfupa ulio Brussels katika jumba la makumbusho, miaka elfu ishirini, na hajui mwezi ulio juu ya paa la ukumbi alimokaa. Kama kweli yule mtu wa Ishango alihesabu siku za mwezi, basi alitoka inje usiku baada ya usiku, mvua ao baridi, akachanja. Urithi wake ni ile kazi ya kuchanja. Makofi si urithi.

Tarehe 7 Septemba 2025, siku ya Jumapili, mwezi uliingia mzima katika kivuli cha dunia. Kwa saa zetu ulifunikwa kabisa kuanzia saa moja na nusu ya usiku, kwa dakika 82, wakati watoto wako macho bado. Masomo ya mwaka yalikuwa yameanza tu. Kupatwa kwa mwezi kunaonekana mara moja moja, tena saa nzuri namna hiyo ni bahati. Kesho yake Jumatatu niliuliza wenzangu wanane, walimu wa sayansi na jiografia, nani aliwaambia wanafunzi wake Ijumaa watazame. Mmoja tu. Wale wengine walikuwa na somo la mfumo wa jua katika matayarisho yao, limepangwa Novemba.

Basi ninaomba nini? Siombi serikali ichape vitabu vipya, tutangoja mpaka tuzeeke. Ninaomba mwalimu wa kilasi cha saba awape wanafunzi daftari moja ndogo, kurasa thelathini. Kila jioni ao alfajiri mwezi ukionekana, wachore: milima ao ziwa chini, mwezi mahali ulipo, na mshale unaoonyesha jua liko wapi. Kama kuna mawingu, waandike mawingu. Wafanye hivyo Machi, tena Septemba, walinganishe. Wachore pia madoa ya mwezi mpevu, yale ambayo kwetu wengine wanayaita mama mwenye mzigo wa kuni. Wataona kwamba jioni ukitoka ziwani mama amelala ubavu mmoja, na alfajiri ukielekea milimani amegeukia ubavu mwingine, ingawa uso wa mwezi tunaouona ni uleule siku zote, kwa sababu unajizungusha mara moja katika muda uleule unaotuzunguka. Hapo mwalimu ataulizwa maswali ambayo korije haina, na atalazimika kufikiri pamoja na watoto.

Mvuvi mmoja aalikwe kilasini, alipwe nauli kama tunavyomlipa mkaguzi, aeleze giza linavyorudi mbele. Na wanachama wa shirika letu, badala ya hotuba nyingine juu ya Ishango, wakusanye majina: mwandamo, nusu, mpevu, usiku usio na mwezi, mwezi wa alfajiri, kwa Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kinyindu na Mashi. Wazee wanaoyajua majina hayo yote wanapunguka kila mwaka. Mimi nimeanza na Kibembe, nina ukurasa mmoja na nusu, una mapengo mengi hasa kwa mwezi unaokwisha, ule wa baada ya robo ya mwisho. Mwenye kujua aje na daftari lake kwenye mkutano ujao wa shirika, tuupange saa kumi na moja ya jioni, siku ya nane baada ya mwandamo, tutoke wote ukumbini kabla ya kuanza. Yule mwenzangu wa korije nimekwisha kumwalika.